Barua kwa Fundi: simenti, mlango wa babu na popo wa darini

Barua za mwezi huu zimenikuta Rusimbi, Ujiji, nikichekecha udongo wa kichuguu kwa ajili ya ukuta wa jirani. Kiangazi kimeshika, vumbi jekundu liko kila mahali, na kwa mwenye nyumba ya zamani hii ndiyo miezi ya kazi. Mvua zikishaanza, mwisho wa Oktoba au Novemba, kilichobaki ni kutega ndoo. Kwa hiyo nimetanguliza barua ambazo majibu yake hayawezi kusubiri.

Shikamoo fundi. Bibi yetu ametuachia nyumba hapa Kitongoni. Kuta ni za udongo, nene kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole, na mbele kuna baraza. Mwaka 2016 tulipiga plasta ya simenti ndani na nje. Sasa chumbani kwa bibi plasta inabanduka upande wa chini, ukuta unatoa unga mweupe na harufu ya unyevu haiishi. Kaka yetu aliyeko Dar es Salaam ametuma hela tubandue tupige nyingine kali zaidi, halafu tuweke marumaru ukutani hadi usawa wa kiuno. Fundi amehesabu mifuko 30. Unasemaje? – Mjukuu, Ujiji

Marahaba mwanangu. Mwambie kaka yako hela azitunze, na katika hiyo mifuko 30 usinunuliwe hata mmoja.

Nitakueleza kwa nini naandika kwa ukali hivi. Mwaka 1994 nilikuwa kijana, nimetoka kujifunza kupiga plasta na mkono wangu unasifiwa. Shangazi yangu alikuwa na nyumba ya udongo ya namna hiyohiyo, mitaa miwili kutoka hapa nilipokaa. Nikaona nimpe heshima. Nikamfunika nyumba nzima kwa simenti, ndani na nje, nikalainisha mpaka ukuta ukateleza. Watu walikuja kutazama. Masika ya tatu, usiku wa Aprili, ukuta wa uani ukaanguka wote kwa mkupuo. Mwenyewe alikuwa matangani, Mungu alimnusuru. Asubuhi nikanyanyua pande moja la plasta yangu. Lilikuwa zima, gumu kama ubao, na mgongoni limejaa matone ya maji. Udongo uliokuwa nyuma yake ulikuwa kama uji mzito, kidole changu kilizama mpaka pingili ya pili. Ukuta ule ulisimama tangu kabla baba yangu hajazaliwa. Niliuangusha mimi, kwa mifuko 22.

Kilichotokea kwake ndicho kinachotokea chumbani kwa bibi yenu. Ukuta wa udongo hunywa maji na huyatoa. Hunywa kutoka ardhini, hunywa matone yanayoruka mvua ikipiga chini, kisha jua na upepo huyavuta nje. Ukipata nafasi ya kukauka, hauna shida na miaka. Simenti inaziba njia ya kutokea. Tena simenti ni ngumu na haichezi, wakati udongo huvimba kidogo masika na kunywea kidogo kiangazi. Hapo ndipo zinapoanza nyufa nyembamba kama unywele, maji yanaingia kwa hizo nyufa na hayana pa kutokea. Ule unga mweupe ni chumvi iliyobebwa na maji. Mkiweka marumaru, maji yatapanda juu zaidi, yatatafuta mwisho wa marumaru, na ugonjwa utahamia kifuani mwa ukuta.

Anzeni nje, msianze chumbani. Zungukeni nyumba mtazame ardhi imepanda kiasi gani. Nyumba nyingi za Ujiji nilizozitazama, ardhi ya nje sasa iko juu kuliko sakafu ya ndani, kwa sababu kila mwaka mchanga wa barabarani unaletwa na maji na hakuna anayeuondoa. Chimbueni mpaka muone msingi wa mawe, mpeleke udongo mbali, na ardhi muilaze ielekee nje. Kama kuna zege mlilomwaga kuzunguka nyumba na limegusa ukuta, likatwe liachane nao.

Kisha tazameni juu. Nyumba za zamani ziliezekwa kwa nyasi au makuti, na paa lilishuka mbele ya ukuta kama ukingo wa kofia. Tulipoleta bati tulikata ukingo ili tuokoe bati. Hela ya kaka yenu iende hapo: refusheni paa litoke nje ya ukuta angalau sentimita 60, na upande unaopigwa na mvua ya ziwani, hata 90. Kama mna gata, maji yake yasimwagike kwenye pembe ya nyumba.

Baada ya hapo ndipo mbandue. Msitumie nyundo kubwa, mtautikisa ukuta mzima. Chukueni patasi bapa, ipitisheni nyuma ya plasta taratibu, itaachia yenyewe mahali palipo na unyevu. Anzeni mita moja kutoka chini, kipande kwa kipande, na mkikuta ukuta umelika kwa ndani simameni hapohapo. Tundu hilo hujazwa kwa matofali mabichi na tope la udongo uleule, si kwa zege. Kisha acheni. Acheni kabisa mpaka Septemba, madirisha wazi mchana kutwa, na kitanda kisigusane na ukuta.

Plasta mpya iwe ya udongo. Udongo wa mfinyanzi wa kichuguu ni mzuri lakini ukiwa peke yake hupasuka, kwa hiyo lazima ujue udongo wako. Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, jaza udongo mpaka theluthi, ongeza maji, tikisa sana, iache mpaka kesho. Mchanga utatua chini, ulio laini utafuata, mfinyanzi utakaa juu. Halafu piga viraka vinne ukutani, kila kimoja ukubwa wa sinia: kopo moja la udongo kwa kopo moja la mchanga, moja kwa mbili, moja kwa mbili na nusu, moja kwa tatu. Andika vipimo pembeni kwa mkaa. Tia nyasi kavu zilizokatwa urefu wa kidole, uzikande na tope lile siku kadhaa kabla. Baada ya wiki, kiraka kilichopasuka kina mfinyanzi mwingi. Kinachopukutika ukikipitisha kidole kina mchanga mwingi. Kilichotulia ndicho kipimo cha nyumba yenu, na hakuna fundi duniani anayeweza kukupa kipimo hicho kwa simu.

Juu yake mpake chokaa. Hii ya mifuko ya dukani inafaa: iloweke kwenye pipa usiku kucha, ichuje kwa kitenge kikuukuu, iwe nyepesi kama maziwa. Lowanisha ukuta kidogo kwanza, paka jioni jua likishapungua, mikono minne au mitano, kila mmoja ukauke kabla ya mwingine. Chokaa hukomaa kwa kuvuta hewa ya ukaa, kazi hiyo ni ya wiki nyingi, ndiyo maana jua kali likiikausha haraka hubaki unga. Lakini mkiletewa chokaa hai, ile ya mabonge iliyotoka tanurini, watoto wakae mbali. Ikikutana na maji huchemka, na jichoni hupofusha.

Neno la mwisho kwenu: bafu na choo. Najua mnataka viwe ndani, na mna haki, hamkurithi nyumba mkaishi kama makumbusho. Vijengeni uani kwa matofali ya kuchoma, vikiwa na ukuta wao wenyewe, na kijia kilichoezekwa kutoka mlango wa nyuma. Bomba la maji lisipite ndani ya ukuta wa udongo. Hata nyaya za umeme, zipitishwe usoni mwa ukuta kwenye mifereji ya plastiki. Fundi umeme akitaka kuchimba mstari mrefu wa kulala, mzuie, huo ni kisu.

Fundi, kuna mtu anakuja kutoka mjini anataka mlango wa kuchonga wa nyumba ya babu, pamoja na fremu yake. Anatoa hela nzuri na atatuwekea geti jipya la chuma bure. Wadogo zangu wamekubali. – Mwenye Mlango, Ujiji

Usiuze.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 imeitaja milango hii waziwazi: mlango au fremu ya mbao iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1940 ni kitu kinacholindwa. Kuuza au kutoa nje ya nchi bila kibali ni kosa, na huyo mnunuzi anajua, ndiyo maana analeta hela taslimu na gari la jioni. Waulizeni wadogo zako nani atahojiwa baadaye, yeye au ninyi ambao nyumba yenu ina tundu?

Na liko jambo la ujenzi. Fremu ile imebeba ukuta. Mbao yake ya juu ndiyo linta, boriti inayobeba ukuta juu ya mlango, na ukiing'oa, udongo wa juu yake unashuka. Nimeona nyumba ambayo mlango uliondoka Jumatatu na Ijumaa baraza lilikuwa limefunikwa na kifusi.

Kuutunza ni kazi ndogo. Futa vumbi kwa brashi laini ya nywele, usitumie ya waya. Usipake vanishi wala rangi ya mafuta, na oili chafu ya gari usiisogeze hapo, inazamisha nakshi na kukamata vumbi. Kila mwezi inama utazame kizingiti na miguu ya fremu, mchwa huanzia chini ambapo mbao imegusa udongo wenye maji. Ukiona vijia vyao vya tope, vikwangue siku hiyohiyo, ufuatilie vinakotoka.

Mimi ni mpangaji, nauza chumvi ya Uvinza kwenye chumba cha mbele cha nyumba ya zamani. Mwenye nyumba anasema nimemharibia ukuta na nilipe. Chumvi inaharibuje ukuta, wakati iko ndani ya magunia? – Muuza Chumvi, Ujiji

Inaharibu, ndugu yangu, na kwa hili mwenye nyumba amesema kweli. Chumvi huvuta unyevu wa hewa, gunia hutoa jasho, jasho linaingia ukutani na sakafuni likiwa na chumvi. Maji yakikauka, chumvi inabaki ndani ya vitundu vya udongo na kujenga vijiwe vidogo ambavyo hukua na kuusukuma udongo utoke. Mvua ikirudi inayeyuka, kiangazi inajenga tena. Ndiyo maana ukuta wako unapukutika hata mwaka ambao haukuvuja.

Yainue magunia juu ya mbao, na uache nafasi ya mtu kupita kati yake na ukuta. Ukuta ulioingiwa ufagiwe kwa brashi kavu, vumbi likusanywe likatupwe nje ya kiwanja. Kisha bandika tope laini la udongo na mchanga, unene wa kidole, liache likauke, libandue: litatoka na sehemu ya chumvi. Rudia mara tatu, nne. Gharama yake ni udongo na muda, na nadhani mkigawana, yeye atoe udongo na wewe utoe muda, hamtafikishana kwa mwenyekiti wa mtaa.

Mwangaluka fundi. Nimenunua nyumba karibu na reli hapa Tabora, inasemekana ni ya wakati wa Mjerumani. Dari iko juu sana, madirisha ni ya mbao na hayafungi vizuri, na darini kuna popo. Nataka kushusha dari kwa jipsamu, kuweka madirisha ya aluminiamu ya kuteleza, na kiyoyozi. Mke wangu anasema nakuuliza nini wakati nimeshaamua. – Mgeni wa Isevya

Mwangaluka. Mshukuru mkeo kwa niaba yangu, na kama bado hujalipa, usilipe.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, kwa hiyo inawezekana kabisa. Lakini usitegemee maneno ya dalali. Chukua msumari ukwangue kati ya tofali na tofali mahali pasipoonekana. Kikitoka unga mweupe laini, umejengewa kwa chokaa, na yote niliyomwambia yule mjukuu wa Kitongoni kuhusu simenti yanakuhusu. Msumari ukiteleza bila kuacha alama, kuna mtu alishapita hapo na simenti, utafute ni wapi na mpaka wapi.

Kuhusu joto: waliojenga nyumba yako hawakuwa na feni. Dari iliwekwa juu ili hewa moto ipande iwaache watu chini, na ukitazama karibu na dari utaona matundu ya hewa, pengine yamezibwa kwa magazeti na rangi. Yazibue, uweke wavu wa mbu. Ukishusha dari unaileta ile hewa moto juu ya kichwa chako, halafu unanunua mashine ya kuipoza. Na dirisha la kuteleza hufunguka nusu tu, nusu nyingine inabaki imefunikwa daima. Dirisha lako la mbao hufunguka lote.

Hayafungi vizuri kwa sababu yameoza upande wa chini, na upande wa chini tu. Tabora mna mninga, kuna nini tena cha kutafuta? Fundi seremala akate kipande kilichooza kwa mshazari, aunge kipande kipya cha mninga kwa gundi na vijiti vya mbao, asitumie misumari ya chuma inayotoa kutu. Siku moja kwa dirisha moja, na bado utakuwa na mbao ambayo leo usingeimudu ukiinunua mpya.

Nakuomba jambo moja. Jumamosi mpeleke mkeo Kwihara, si mbali na mjini, kwenye tembe, nyumba ya udongo ya paa bapa, alikokaa Livingstone mwaka 1872. Nendeni saa nane mchana. Simameni nje kwanza mpaka mtoke jasho, kisha ingieni mshike ukuta kwa kiganja. Mkitoka hapo mtazungumza vizuri zaidi habari ya kiyoyozi.

Popo: usiwafungie ndani, wakifa darini utajuta. Wanakula wadudu, lakini kinyesi chao kikiwa vumbi kinadhuru mapafu. Jioni wakishatoka, ziba matundu yao moja baada ya jingine kwa siku kadhaa, bakiza moja la mwisho, nalo ulizibe siku utakapohakikisha hawarudi. Msimu wa watoto wao usifanye. Kinyesi kinyunyizie maji kabla ya kuzoa, na vaa barakoa. Na kama paa au banda la nyuma liliongezwa baadaye kwa asbesto, usikate, usitoboe wala kusugua, vumbi lake ni hatari zaidi. Waulize manispaa namna ya kuliondoa, siku hiyohiyo utakayoulizia kibali cha ukarabati.

Mimi ni mama mzee, nyumba yangu iko njia ya kwenda kwenye makumbusho ya Livingstone, Ujiji. Vijana na wageni huja kupiga picha baraza langu. Majirani wananitisha kwamba serikali itaichukua. – Mama wa Barazani

Shikamoo mama. Picha haihamishi nyumba, lala usingizi.

Sheria ile niliyoitaja inalihesabu kuwa la kale jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1863, na Waziri anaweza kutangaza jengo jingine hata kama ni la baadaye. Jengo la namna hiyo haliruhusiwi kubomolewa wala kubadilishwa bila kibali cha mamlaka ya mambo ya kale. Ujiji imo pia, pamoja na Kwihara, katika njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu, ambayo Tanzania iliiweka mwaka 2006 kwenye orodha yake ya awali ya Urithi wa Dunia wa UNESCO. Orodha ya awali maana yake nchi imesema inakusudia kupendekeza.

Ninachokuogopea si serikali, mama, ni warithi. Nyumba nyingi nilizoziona zikifa hapa Ujiji zilikuwa na wenyewe kumi na wawili na hakuna hata mmoja wa kupanda juu kugongea bati. Ukiwa hai na sauti yako inasikika, waite wanao, sema nani atakaa, nani atachangia mvua zikikaribia, iandikwe na ishuhudiwe. Mwambie na mjukuu mwenye simu apige picha kila ukuta, kila mlango, kwa ajili yako wewe mwenyewe. Ukuta ukipasuka utajua ulikuwaje.

Fundi, ni yule wa Kasimbu wa mwaka jana. Tulibandua simenti kama ulivyosema. Ukuta umebadilika rangi, harufu imekwisha. Mafundi wanasema tupige plasta wiki hii kabla bei ya mchanga haijapanda. Umekauka au bado?

Nimefurahi mno kupata barua hii, nimemsomea hata mke wangu.

Rangi inadanganya, nje hutangulia kukauka. Toboa kitundu kwa msumari mrefu, urefu wa kidole, katika chumba kisichopata jua, nusu mita kutoka sakafuni. Chota ule unga uutie kiganjani, ukunje ngumi, ufungue. Ukishikamana kama unga wa ugali ulioguswa na maji, bado. Ukimwagika kati ya vidole, waite mafundi. Na mchanga nunua sasa, ufunike kwa turubai.